Ini hukua tena: kwa nini basi la kaka yangu halikui?

Swali: "Kaka yangu ana miaka 41. Mwezi uliopita daktari alituambia kwamba ini lake limejaa makovu na limeanza kusinyaa kwa sababu ya virusi vya homa ya ini aina ya B, akamwanzishia dawa ya kuzuia virusi iitwayo tenofovir. Nimesoma kwamba ini la binadamu hukua tena hata likikatwa zaidi ya nusu, na kwamba watafiti wamezigundua protini zinazolikuza. Kuna mtu anatuuzia vidonge anavyosema vina protini hizo. Kama ini hukua tena, kwa nini la kaka yangu halikui? Tununue vidonge hivyo? Na je, mimi ninaweza kumpa kipande cha ini langu?" – Msomaji, Mwanza.

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza, na umfikishie kaka yako salamu zangu. Swali lako la kwanza ni lile lile ambalo watafiti wa ini wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya miaka 40, kwa hiyo litanichukua nafasi kubwa. La vidonge nitalijibu mara moja: msinunue. Vichocheo vya ukuaji ni protini, na protini ikimezwa husagwa tumboni na kwenye utumbo kama inavyosagwa nyama au maharage, ikabaki vipande vidogo visivyo na ujumbe wowote wa kupeleka kwenye ini. Watafiti waliowahi kuwapa wagonjwa kichocheo cha aina hiyo walikipitisha kwenye mshipa wa damu, wala hawakukiweka kwenye kidonge. Lakini hata kama vidonge hivyo vingeweza kufika kwenye ini vikiwa vizima, bado ningewaambia msinunue, kwa sababu jambo ambalo muuzaji halijui, au halisemi, ni kwamba kaka yako hana upungufu wa vichocheo hivyo.

Kwanza tuelewane juu ya maana ya "kukua tena". Mjusi akikatika mkia, mkia mwingine huota pale pale palipokatika. Ini halifanyi hivyo. Daktari wa upasuaji akiondoa upande wa kulia wa ini, upande huo hauoti tena maishani. Ule wa kushoto uliobaki ndio unaotanuka na kunenepa mpaka uzito wa ini unakaribia ule wa mwanzo. Umbo linakuwa jingine, ila kazi inarudi. Wala si lazima seli zigawanyike: watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2012 kwamba panya akiondolewa asilimia 30 ya ini, seli zinazobaki hujaza pengo kwa kutanuka tu, ilhali akiondolewa asilimia 70 hutanuka kwanza, kisha ndipo zinapoanza kugawanyika. Kwa hiyo habari uliyosoma ni ya kweli, lakini ni habari ya ini zima lililokatwa kwa kisu safi, ambalo sehemu iliyobaki haina ugonjwa wowote. Shikilia tofauti hiyo, maana tutairudia.

Jaribio lililofungua njia ni la mwaka 1931, ambapo Higgins na Anderson, huko Marekani, walieleza namna ya kuondoa takriban theluthi mbili za ini la panya. Ini la panya limegawanyika katika ndimi zilizoachana, hivyo inatosha kufunga uzi kwenye shina la ulimi na kuukata, bila kuuchana ule unaobaki. Baada ya siku 7 hadi 10, uzito wa ini ulikuwa umerudi. Tangu hapo swali likawa: ni nani anayeziambia seli, ambazo kwa kawaida hukaa miezi mingi bila kugawanyika, kwamba sasa kuna kazi? Mwaka 1951 Nancy Bucher na wenzake wa Boston waliwaunganisha panya kwa ngozi ili damu yao ichanganyike, wakamkata ini mmoja wao peke yake. Ini la mwenzake, ambalo halikuguswa, nalo likaanza kugawanya seli zake. Bucher alilirudia wazo hilo mwaka 1967, akiwa na Moolten, safari hii kwa kuunganisha mishipa mikubwa ya damu ya panya hao moja kwa moja, na jibu likaja wazi zaidi. Ujumbe ulikuwa unasafiri ndani ya damu.

Ilichukua miaka mingine 17 kumkamata mjumbe. Mwaka 1984 Toshikazu Nakamura na wenzake wa Japani walitangaza kwamba wameanza kuitenga, kutoka kwenye damu ya panya waliokatwa ini, protini inayozifanya seli za ini zigawanyike zikiwa katika vyombo vya maabara; wakati huo huo George Michalopoulos na wenzake wa Marekani walikuwa wameifikia protini ile ile kwa njia yao. Leo inaitwa HGF, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kichocheo cha ukuaji wa seli za ini, na jeni lake lilisomwa mwaka 1989. Miaka miwili baadaye ilibainika kwamba HGF hushikamana na kipokezi kiitwacho MET, yaani protini iliyo juu ya seli inayopokea ujumbe, kipokezi ambacho watafiti wa saratani walikuwa wanakifahamu tayari. Kumbuka jina hilo pia.

Katika historia yote hiyo, jambo ninalotaka ulitazame kwa makini ni la mwaka 1988. Watafiti wengine wa Japani walitaka kuipata HGF ya binadamu ikiwa safi. Protini hii katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni kidogo mno, kwa hiyo walihitaji damu iliyojaa. Waliipata wapi? Kwa wagonjwa ambao maini yao yalikuwa yameacha kufanya kazi ghafla, wagonjwa waliokuwa mahututi. Watu ambao ini lao lilikuwa linashindwa kabisa kujirudisha ndio waliokuwa na kichocheo kingi kuliko wote. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba HGF hupanda pia katika damu ya wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu kama la kaka yako. Mwili wake unapiga mbiu usiku na mchana. Shida si mbiu.

Ili uone shida iko wapi, inabidi tuitazame kazi yenyewe inavyokwenda katika ini zima. Damu nyingi inayoingia kwenye ini haitoki moyoni moja kwa moja, bali hutoka matumboni, kwenye wengu na kwenye kongosho, ikipitia mshipa mmoja mkubwa. Theluthi mbili za ini zikiondolewa, damu ile ile sasa inalazimika kupita kwenye theluthi moja, hivyo kila gramu ya ini inapokea mara tatu ya damu iliyozoea. Mkazo huo wenyewe ni ishara. Madaktari wa upasuaji wanaitumia: kabla ya kuondoa upande wenye uvimbe, huziba kwanza mshipa unaoulisha upande huo, wakasubiri wiki kadhaa upande mwingine unenepe. Damu hiyo huleta pia insulini kutoka kwenye kongosho, na Thomas Starzl, yule aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963, alionyesha kwa mbwa kwamba ini likinyimwa damu hiyo yenye insulini hudhoofika. Insulini peke yake haizigawanyi seli, lakini bila hiyo hazina nguvu ya kugawanyika.

Ndani ya dakika za mwanzo, vimeng'enya huanza kuulegeza utando wa nyuzi unaozizunguka seli. HGF ilikuwa imehifadhiwa humo humo kwenye utando, ikiwa imelala. Vimeng'enya hivyo huiachilia na kuiamsha, nayo katika saa chache za mwanzo hupanda kwenye damu ya panya zaidi ya mara kumi. Seli za ulinzi zinazokaa ndani ya ini hutoa ishara zao, TNF na IL-6, ambazo huzitoa seli za ini katika usingizi na kuzifanya ziweze kumsikia mjumbe. Panya waliozaliwa bila jeni la IL-6, kama ilivyoripotiwa mwaka 1996, maini yao hujirudisha kwa shida kubwa. Baadaye HGF mpya hutengenezwa, na hapa watu wengi hukosea: seli za ini hazijitengenezei HGF. Huipata kwa majirani, yaani seli zenye umbo la nyota zinazokaa pembezoni mwa vijia vya damu, na seli zinazotanda kuta za vijia hivyo. Kichocheo kingine, EGF, ambacho Stanley Cohen alikitoa katika tezi za mate za panya na kilichomletea sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986, hufika kutoka kwenye utumbo. Kwa panya, kilele cha kunakili DNA hufika baada ya saa 24 hivi.

Je, kati ya wajumbe wote hao nani ni wa lazima? Kwa miaka mingi watafiti walimwondoa mmoja mmoja na kukuta ini bado linakua, ingawa kwa kuchelewa, jambo lililowafanya wengine waseme kwamba hakuna wa lazima. Mwaka 2016 maabara ya Michalopoulos iliviondoa vipokezi viwili kwa pamoja, MET na kile cha EGF, na hapo panya hawakuweza tena kulirudisha ini lao; liliishia kushindwa kazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio lililomaliza ubishi. Njia ziko mbili kuu, moja ikifungwa nyingine hubeba mzigo, na nyingine zote ni wasaidizi.

Kuna pia wa kusimamisha, na bila wao ini lingekua mpaka likajaza tumbo. Protini iitwayo TGF-beta huzizuia seli zisigawanyike. Mfumo mwingine ndani ya seli hupima kama ini limefikia ukubwa wake. Panya waliovurugwa mfumo huo mwaka 2007 walipata maini makubwa mara kadhaa kuliko kawaida. Ini dogo likipandikizwa kwenye mwili mkubwa hukua mpaka limfae mwenye mwili, kisha husimama.

Sasa turudi kwa kaka yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo kwa watu wengi wa kwetu huingia utotoni, havikukata kipande cha ini lake kikaisha. Vimekuwa vikiwasha moto mdogo mdogo humo kwa miaka mingi. Kila seli zinapokufa, majirani hugawanyika na kujaza pengo, na wakati huo huo seli za nyota huamshwa na kuanza kusuka nyuzi ngumu, yaani kovu. TGF-beta inayozipa seli za nyota amri hiyo ndiyo ile ile inayozizuia seli za ini zisigawanyike, kwa hiyo pigo moja hugonga pande mbili. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwa panya kwamba hata zile seli za kuta za vijia vya damu, ambazo katika jeraha la mara moja hutuma vichocheo vya ukuaji, zikijeruhiwa mara kwa mara hugeuka zikawa zinachochea makovu. Jirani aliyekuwa analeta mbegu sasa analeta mawe.

Tena kuna suala la maji. Wewe uko Mwanza, na bila shaka umeyaona majaruba ya mpunga. Seli za ini zimepangwa kama miche kandokando ya mifereji, na kuta za mifereji hiyo zina matundu madogo madogo ili kila seli inywe kutoka kwenye damu inayopita. Makovu ni matuta yaliyoinuliwa mahali pasipotakiwa: maji yanalazimika kuzunguka, jaruba moja linakauka na jingine linafurika. Matundu ya mifereji huziba. Damu iliyokosa njia hurudi nyuma, wengu unavimba, mishipa ya kwenye umio inatanuka na inaweza kupasuka, na maji yanajaa tumboni. Hata ungemwaga vichocheo vya ukuaji kiasi gani kwenye mfereji mkuu, jaruba lililozibwa halitavipata.

Na seli zenyewe zimechoka. Kila seli inapogawanyika, ncha za kromosomu zake hupungua kidogo, na zikipungua mno seli huacha kugawanyika kabisa. Vipimo vya maini ya binadamu yenye sirosisi, vilivyochapishwa mwaka 2002, vilikuta ncha hizo zimefupika katika seli za ini. Seli zilizochoka zikishindwa, seli za vijia vya nyongo hujaribu kuchukua nafasi yao. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwa panya kwamba zinaweza kugeuka seli za ini pale ambapo seli za ini zenyewe zimezuiwa kugawanyika.

Kwa hiyo kusema kweli, ini la kaka yako linakua. Daktari wa maabara akitazama kipande cha ini lenye sirosisi kwa hadubini, huona vinundu vya seli vilivyozungukwa na makovu, na jina la kitaalamu la vinundu hivyo ni vinundu vya kujirudisha. Ni ini linalojaribu kukua ndani ya kiunzi kilichopinda.

Nifungue mabano kidogo kwa ajili yenu wa Kanda ya Ziwa. Kichocho cha tumbo nacho huleta makovu kwenye ini, lakini makovu yake huzunguka mishipa mikubwa inayoingiza damu na huziacha seli za ini zikiwa nzima kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana mgonjwa wa kichocho anaweza kutapika damu nyingi kutokana na mishipa ya umio huku vipimo vya kazi ya ini vikiwa karibu na kawaida. Si kila ini lenye makovu limeishiwa nguvu ya kukua, na ndiyo maana ni muhimu daktari aseme makovu yametokana na nini.

Watafiti hawakuridhika na nadharia, walijaribu. Nchini Japani HGF iliyotengenezwa maabara ilitolewa kwa wagonjwa 4 wenye ini lililoshindwa ghafla, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Iliteremsha shinikizo la damu kidogo tu, lakini haikuonyesha kwamba inaokoa maisha. Tatizo mojawapo ni kwamba kwa panya protini hii huondolewa kwenye damu ndani ya dakika chache, na kiungo kinachoiondoa ni ini lenyewe. Kichocheo kingine, G-CSF, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuhimiza uboho utoe seli nyeupe, kilileta matumaini makubwa mwaka 2012. Katika jaribio la India lenye wagonjwa 47 wa sirosisi waliozidiwa ghafla, makadirio ya kuwa hai baada ya siku 60 yalikuwa asilimia 66 kwa waliopewa G-CSF na asilimia 26 kwa waliopewa dawa tupu, yaani isiyo na kiambato chochote cha kutibu. Nakumbuka jinsi takwimu hizo zilivyopokelewa kwa furaha miongoni mwetu. Kisha yakaja majaribio makubwa zaidi. Lile la Uingereza, lenye watu 81, lililochapishwa mwaka 2018, halikuona ini likiboreka. Lile la Ujerumani, lenye wagonjwa 176, lililochapishwa mwaka 2021, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hapakuwa na dalili ya faida. Wagonjwa 47 ni wachache, na tofauti kubwa inayotoka kwa watu wachache mara nyingi huyeyuka watu wanapoongezeka. Muuzaji wa vidonge akikuonyesha utafiti, muulize ulikuwa na wagonjwa wangapi, na kama walikuwa binadamu.

Baada ya hayo yote, kitu kilichoonyesha kwamba ini lenye sirosisi la binadamu linaweza kujitengeneza hakikuwa kichocheo cha ukuaji hata kidogo. Kilikuwa tenofovir, dawa ile ile aliyoandikiwa kaka yako, na ambayo imo pia katika mchanganyiko wa dawa za VVU unaotolewa katika vituo vyetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya B waliotumia tenofovir kwa miaka 5, na ambao 348 kati yao walitolewa kipande cha ini mwanzoni na mwishoni. Waliokuwa na sirosisi mwanzoni walikuwa 96. Baada ya miaka 5, kwa 71 kati yao makovu yalikuwa yamepungua mpaka kipimo hakikuita tena sirosisi. Hakuna aliyewadunga HGF. Moto ulizimwa, seli za nyota zikatulia, mwili ukaanza kuzimeng'enya nyuzi zake wenyewe, na vichocheo vilivyokuwemo tangu zamani vikapata nafasi ya kufanya kazi. Sharti moja nisilifiche: wagonjwa hao walianza dawa ini lao likiwa bado linamudu kazi, kabla ya maji kujaa tumboni au macho kuwa ya manjano. Aliyefika huko bado hufaidika na tenofovir, lakini matarajio yake si yale yale. Hukuniambia kama kaka yako ana maji tumboni. Muulizeni daktari waziwazi ini liko hatua gani.

Utafiti nao umebadilisha mwelekeo, na kwa mtazamo wangu umeelekea panapofaa. Badala ya kuongeza sauti ya mjumbe, baadhi wanatafuta kulegeza breki. Kundi la Lars Zender wa Tübingen, Ujerumani, lilionyesha mwaka 2013 kwamba kuzuia protini iitwayo MKK4 ndani ya seli za ini za panya huongeza uwezo wake wa kujirudisha hata katika ini lililoharibiwa muda mrefu. Mwaka 2024 dawa ya kumeza iliyoundwa kwa msingi huo iliripotiwa kuwakinga nguruwe walioondolewa asilimia 85 ya ini wasipatwe na ini kushindwa, na kuvumiliwa vizuri na binadamu wenye afya waliojitolea. Binadamu wenye afya, nasisitiza; kutoka hapo hadi kwa mgonjwa wa sirosisi ni safari ndefu. Wengine, wa Boston, mwaka 2021 waliweka maelekezo ya kutengeneza HGF na EGF ndani ya vitone vya mafuta, kwa teknolojia ya aina iliyotumika katika baadhi ya chanjo za UVIKO-19, ili seli za ini za panya zijitengenezee vichocheo hivyo kwa siku chache tu kisha ziache.

Kwa nini siku chache tu? Ndipo linaporudi lile jina la MET. Kipokezi hicho kilijulikana kwanza kupitia saratani kwa sababu uvimbe nao unahitaji amri ya kugawanyika, na seli ya saratani huitumia amri hiyo hiyo. Panya waliobadilishwa jeni ili maini yao yatoe bila kukoma TGF-alfa, ndugu wa EGF, waliota uvimbe wa saratani ya ini. Hilo lilichapishwa mwaka 1990. Ini lenye virusi vya B na makovu tayari lina seli nyingi zilizogawanyika kupita kiasi na zenye hitilafu katika jeni zao. Kulipigia mbiu ya miaka mingi ya "gawanyikeni" ni kucheza na moto. Kama vidonge vya muuzaji wako vingekuwa vinafanya kweli anachodai, hapo ndipo ningeogopa zaidi.

Kwa hiyo hatua za sasa hazina uchawi. Asikose tenofovir hata siku moja, na asiache kwa sababu anajisikia vizuri, kwani virusi huweza kurudi kwa kishindo na kulimaliza ini kwa wiki chache. Pombe aiache kabisa. Apimwe kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6 kutafuta uvimbe ukiwa bado mdogo, na daktari aamue lini achunguzwe mishipa ya umio kwa kamera. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisiingie nyumbani kwake, hata kwa kuchambua na kuosha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, pamoja na virusi vya B huongeza hatari ya saratani ya ini kuliko kimoja peke yake, na wa Dodoma na Manyara hawajasahau mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016.

Limebaki swali lako la mwisho, ambalo nimeliheshimu kuliko yote. Ndiyo, mtu mzima anaweza kutoa sehemu ya ini lake. Upandikizaji wa aina hiyo ulifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1989 huko Brisbane, Australia, mama akimpa mwanawe, na leo hufanyika kwa maelfu, zaidi barani Asia. Wagonjwa wengi wa kwetu wanaouhitaji hupelekwa India. Mtoaji na mpokeaji wote wawili hutegemea ule ukuaji tuliouzungumzia. Madaktari hutaka kipande kiwe na uzito usiopungua kama asilimia 0.8 ya uzito wa mpokeaji, yaani gramu 480 kwa mtu wa kilo 60, na mtoaji abaki na angalau asilimia 30 hadi 35 ya ini lake. Kipande kikiwa kidogo mno, damu yote ya matumbo hukivamia kwa nguvu na kukiharibu badala ya kukikuza. Mtoaji hurudishiwa sehemu kubwa ya ujazo wa ini ndani ya miezi michache, lakini upasuaji si mchezo: inakadiriwa kwamba mtoaji mmoja hufariki kati ya kila 200 hadi 500 wanaotoa upande wa kulia. Wala kaka yako huenda asiuhitaji, kama tenofovir itaanza kazi mapema.

Hata hivyo kuna kipimo kimoja unachopaswa kufanya wiki hii, uwe utatoa ini au hutatoa. Ninyi mmezaliwa tumbo moja, na virusi hivi kwetu mara nyingi hupita kutoka kwa mama wakati wa kujifungua au baina ya watoto wanaolala pamoja. Nenda kapimwe HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu ana virusi hivi, wewe na ndugu zako wote, pamoja na mke wa kaka yako na watoto wake. Atakayekutwa hana virusi wala kinga apate chanjo tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu ikifika miezi 6. Atakayekutwa navyo aonwe na daktari yule yule anayemtibu kaka yako.